Soma Mara Tatu, Ndipo Uzime

Tulimzika Mama Nyambura siku ya Alhamisi, na pale makaburini kila aliyepewa kipaza sauti alisema kitu kizuri na kifupi kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mcha Mungu. Jirani yake alisema ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kwao kufungua kompyuta kwa bisibisi, wanaume wakiwa wamesimama pembeni wakimngoja akosee. Mimi nilitambulishwa kama msichana aliyewahi kumfanyia kazi, nikapewa dakika mbili, nikasema tu kwamba ndiye aliyenifundisha kusoma. Watu wakapiga makofi. Nadhani walifikiri nazungumzia herufi, a, e, i, o, u. Niliporudi kukaa, niliona kwamba hakuna aliyeutaja ule mwaka wetu wa Makadara, na kwamba kati ya wote waliokuwa pale, mimi peke yangu ndiye ambaye ningeweza kuusimulia. Kwa hiyo nausimulia. Wanaonijua wanasema mimi ni mtu wa kucheka na wa ndoto nyingi, na ni kweli, hata leo. Lakini mwaka ule ulikuwa wa damu, na sehemu ya damu hiyo niliiita mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliachia kidato cha pili, nikawa natoka Majengo kila asubuhi kwa miguu hadi chumba cha Mama Nyambura, nyuma kidogo ya barabara ya Jogoo. Chumba kile kilikuwa bucha zamani. Vigae vyeupe vilipanda ukutani hadi shingoni, na darini zilibaki kulabu za nyama ambazo Mama Nyambura alizitundikia nyaya. Ukiingia kulikuwa na harufu ya vumbi la moto na kitunguu, kwa sababu mezani, katikati ya kompyuta zilizofunguliwa matumbo, palikuwa pia na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Yeye alileta githeri, mimi nilileta mahamri kutoka kwetu, na saa nne tulikula pamoja, yeye akifumba macho kushukuru na mimi nikisema bismillahi, kisha tukabishana kama mahamri yanafaa kuliwa na maharagwe. Upande mmoja tulipakana na saluni, upande wa pili na mashine ya kusaga unga, ambayo ikiwashwa hata mawazo yako huyasikii.

Kutoka saluni tulisikia habari zote za mtaa. Mwaka ule habari zilikuwa moja tu: wizi, na waliokamatwa. Mwezi wa kwanza kijana alipigwa mawe karibu na kituo cha mafuta kwa sababu ya simu. Mwezi wa tatu walimchoma mwingine, na alasiri nilipopita nilikanyaga nyaya za tairi zilizobaki, nyembamba kama nywele. Wanawake wa saluni walisema hayo huku wakisuka. Mmoja alisema polisi wakimkamata mwizi kesho yupo nje, afadhali moto. Mwingine akasema aah, lakini yule alikuwa mtoto wa watu. Yule wa kwanza akamjibu kwamba wezi wote ni watoto wa watu, geuza kichwa. Kulikuwa na kikundi cha vijana wa ulinzi, na mkubwa wao alikuwa jamaa mpole wa sura, aliyenyoa ndevu kila siku na bado akaitwa Mandevu. Wenye maduka walimpenda. Mimi pia nilikuwa nikimpungia mkono. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa mwerevu kuliko wengine.

Kazi ambayo Mama Nyambura alijivunia ilikuwa kamera. Wenye maduka wa mstari wetu walimwomba aweke kamera tatu, na moja ilikuwa juu ya mlango wetu, ikitazama barabara hadi kona. Picha zake hazikurekodiwa na kompyuta yake ya peke yake, maana hatukuwa nayo ya ziada. Tulikuwa na mashine moja kubwa kuukuu iliyotoka kwa wauza vyuma wa Gikomba, na ndani yake aliziweka kompyuta nyingine ambazo hazina mwili: zina prosesa ya kuazima na kumbukumbu ya kuazima, na kila moja hujiona ina nyumba yake. Wasomi huziita mashine pepe. Sisi tuliziita wageni, na ile kubwa tuliita mwenyeji. Mgeni wa kamera alipokea picha na kuzipeleka kwenye kasha la diski lililokaa kwenye rafu, lenye waya wake wa umeme na waya wake wa mtandao, na feni yake ndogo iliyokuwa imeanza kulia kama kifaranga.

Mama Nyambura alikuwa amefanya kazi ya simu za waya ujanani, na alichukia jambo moja kuliko dhambi nyingi: zima, uwashe. Mtaani kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Televisheni ikikwama, zima uwashe. Kompyuta ikiganda, zima uwashe. Alisema ukizima umeua shahidi. "Kwanza soma," aliniambia. "Kaa kwa mwenyeji, mchungulie mgeni bila kumgusa." Akanionyesha amri ya kuandika, na kioo kikajaa safu za herufi na tarakimu, nikacheka nikasema Mama, hii ni dua ya mganga. Hakucheka. Alisema hizo ni rejista, ndivyo prosesa ya mgeni inavyoshika mambo yake ya sekunde hii, kama mikono ya mpishi: huyu ameshika kijiko, huyu ameshika chumvi. Kuna moja inayosema prosesa imefika mstari gani wa kazi. Kuna mahali panaposema kama imelala au inakimbia. Na kuna tarakimu moja ndogo inayosema kama mlango wake uko wazi, yaani ikigongwa itaamka au haitaamka. Soma mara tatu, alisema, kati ya kila mara hesabu hadi thelathini. Ikikimbia palepale mara tatu, imerukwa na akili. Ikilala na mlango umefungwa, imekufa, zika. "Na ikilala mlango ukiwa wazi?" nikauliza. Akasema, "Hiyo inangoja kitu. Tafuta inachongoja kabla hujaiua." Nilijifunza kwa miezi minne. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyedhani kichwa changu kinaweza kushika jambo zito, na nilitembea kurudi Majengo jioni nikiota kwamba siku moja nitakuwa na chumba changu chenye vigae.

Kulikuwa na mtu mwingine niliyemwota, na huyo sikuwa nimemwona. Wekesa wa Ziwani, fundi wa mota na feni. Mama Nyambura alikuwa akimpelekea kazi kupitia kijana wa pikipiki, na mimi ndiye niliyempigia simu kuuliza kama imeisha. Alikuwa na sauti ya taratibu. Nilikuwa nikimwambia, "Fundi, habari ya leo?" naye kila mara anajibu, "Ya leo ni wewe, dada Rehema." Basi. Hayo tu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini, na mtu wa miaka ishirini anaweza kujenga nyumba ya ghorofa juu ya maneno sita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba. Mama Nyambura alikwenda kliniki ya presha. Akiwa njiani alimpigia Wekesa, akamwambia apitie duka achukue lile kasha la diski, feni inalia. Alikusudia kunipigia na mimi, nimsimamishe mgeni wa kamera na nimkabidhi fundi kasha. Alisahau. Aliniambia baadaye, si mara moja, kwamba alisahau kwa sababu muuguzi alimwita jina wakati simu iko mkononi. Mimi nilikuwa uani kwenye bomba naosha vikombe. Mashine ya unga ilikuwa ikisaga. Kama mtu alipiga hodi, alipigia ukuta. Niliporudi na vikombe niliona rafu tupu, nyaya mbili zikining'inia, na nje, mgongo wa mwanamume mwenye shati la kijivu akienda kuelekea kona, kasha la Mama Nyambura likiwa kwapani.

Nilitoka mlangoni mbio, mkono nimeunyoosha mbele, nikapiga kelele neno hilo. Mwizi. Nililipiga mara tatu. Mashine ya unga ilikuwa imezimwa sekunde ile, kwa hiyo barabara nzima ilinisikia.

Hakukimbia. Hilo ndilo linalonirudia. Mwizi angekimbia, lakini yeye alisimama, akageuka, akalishika kasha kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kulionyesha, na mdomo wake ukafunguka kusema kitu. Mandevu alikuwa ameketi kwa kinyozi pale kona. Alimfikia wa kwanza, na alichokuwa nacho kilikuwa mguu wa kiti. Alimpiga mdomoni, pale pale palipokuwa pakifunguka. Kisha wakaja wengine, wawili, sita, sijui, walitoka kwenye milango kama maji. Walimnyang'anya kasha wakampiga nalo kichwani hadi likapasuka na diski zikatoka zikimetameta. Mwenye mnyororo wa baiskeli alipiga mgongo. Mwanamke mmoja wa saluni, bado ana kitana mkononi, alipita mbele yangu akaenda kurusha jiwe, akarudi kwa mteja wake. Nilisikia sauti ya jiwe likigonga uso. Haifanani na sauti nyingine yoyote. Mtu alileta tairi akilivingirisha, bila haraka, na mwingine akainamia pikipiki kuchota petroli kwa chupa ya soda. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mlangoni, mkono bado uko juu. Nilitaka kusema acheni. Neno lilikuwapo, lilikuwa hapa kooni. Sikulisema.

Kilichomwokoa ni bahati. Gari la polisi lililokuwa likipeleka mahabusu kwenye mahakama ya Makadara lilikwama nyuma ya umati, na askari walipiga risasi mbili hewani ili wapite. Watu wakatawanyika. Wakamwokota, wakamtupa nyuma ya gari juu ya miguu ya mahabusu, na kwa kuwa kila mtu alisema ni mwizi, waliandika ni mwizi.

Mama Nyambura alipiga simu saa saba. Alikuwa tayari hospitalini. Askari walimkuta fundi na simu mfukoni, wakapiga namba ya mwisho, ikawa yake. Alizungumza polepole sana. Aliniambia taya limevunjika mara mbili, jicho la kushoto madaktari wamenyamaza, na amefungwa kitandani kwa pingu akisubiri kushtakiwa kwa wizi wa mabavu. Nikauliza ni nani huyo. Akasema, "Ni Wekesa, mwanangu. Wekesa wetu wa Ziwani. Mimi ndiye nilimtuma."

Niliketi sakafuni, kwenye vigae.

Akaniuliza ni nani aliyepiga kelele. Nikasema sijui, watu. Lilitoka lenyewe, haraka kuliko pumzi. Kisha akauliza kamera. Nikamwambia kioo cha mgeni kimeganda tangu asubuhi. Nikamsikia akifikiri, halafu akasema kwamba kama kasha liling'olewa mgeni akiwa kazini, basi picha za baada ya hapo hazikupata pa kwenda. Ziko ndani yake bado, kwenye kumbukumbu, zimesongamana mlangoni. Akizimwa, zinapotea zote. "Usizime," alisema. "Soma kwanza. Picha hizo ndizo zitakazomtoa kwenye pingu." Simu ikaisha chaji, yake au yangu, sikumbuki.

Nilikuwa sijasogea pale Mandevu alipoingia na vijana wawili. Alikuwa ameoga. Alikuwa na rungu, na alinisalimia vizuri. "Siste, leo ulifanya poa," alisema. "Wengine wanaona mwizi wananyamaza. Wewe ni mtu wetu." Kisha akatazama juu, pale waya wa kamera unapoingilia. Alisema ameambiwa hiyo kitu inaona hadi kona, na kwamba yule jamaa huenda asipone, na sasa kuna maneno kwamba hakuwa mwizi. "So hatutaki mapicha. Si kwangu, si kwako. Zima hiyo kitu, ufute." Alivuta kiti cha Mama Nyambura akaketi nyuma yangu, karibu, hata nikasikia sabuni yake.

Nataka kuwa mkweli hapa kuliko mahali pengine popote. Mimi pia nilitaka kuzima. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na hakuna ambaye angenilaumu, rungu lilikuwa pale. Mtaa mzima ungesema msichana alilazimishwa. Picha zingepotea, na ndani ya picha hizo ningepotea mimi nikitoka mlangoni mkono mbele. Kitu kimoja tu kilinizuia, na hakikuwa ushujaa, kilikuwa mazoea. Nilikuwa nimefundishwa kusoma kabla ya kuzima, na vidole vikaandika ile amri kabla sijaamua.

Safu zikajaa kioo. Amelala, mlango wazi. Mandevu akauliza hiyo ni nini, nikasema naangalia kama inakubali kuzimwa. Nikahesabu hadi thelathini moyoni, nikasoma tena. Amelala, mstari uleule, mlango wazi. Nikahesabu. Mara ya tatu nilimfuma ameamka: mstari wa kazi ulikuwa mwingine, mikono imeshika vitu vingine, na nilipoandika tena mara moja alikuwa amerudi kulala. Nikaelewa. Kila baada ya muda alikuwa anaamka, anagonga mlango wa kasha la diski, hapati jibu, analala tena akiwa tayari kuamshwa. Kasha lilikuwa vipande vipande barabarani, na yeye tangu asubuhi alikuwa akiligonga, akiwa ameshikilia kila picha aliyopewa, hakuangusha hata moja. Sijui kwa nini hilo lilinifanya nilie. Ni kompyuta. Lakini nililia, na Mandevu akaniambia taratibu nisiogope, sitaguswa.

Flashi ya Mama Nyambura ilikuwa imechomekwa mbele ya mashine kama kawaida. Nilimgandisha mgeni, nikaandika amri ya kumwaga kumbukumbu yake yote kwenye flashi ile. Kioo kikaonyesha asilimia. Moja. Mbili. "Hizo namba zinapanda ni za nini?" Mandevu aliuliza. Nikasema, "Inafuta." Akasema sawa, akamtuma kijana mmoja soda. Ilichukua karibu nusu saa. Alinisimulia habari za dada yake anayesomea ualimu. Alikunywa soda yake hadi chini, akanibakizia robo, nikainywa. Kwenye asilimia sitini flashi ilisita, nikafikiri nimekufa, ikaendelea. Ilipofika mia nilimzima mgeni mbele ya macho yake, kioo kikawa cheusi, naye akaridhika. Alipoinama kukata waya wa kamera kwa kisu nilichomoa flashi nikaisukuma ndani ya mtandio.

Kisha akasema asamehewe, lakini lazima ahakikishe. Akainua rungu akaanza na mashine ile kubwa. Nilijitupa kuikinga, ujinga mtupu, nini cha kukinga sasa, na rungu likashukia mkono wangu wa kulia juu ya bati. Vidole viwili. Hakuacha. Alivunja vioo vyote, akavunja rafu, akapindua sufuria ya githeri, na alipotoka alisema pole kwa mkono, siste, nenda ufungwe bandeji.

Nilimpelekea Mama Nyambura flashi hospitalini jioni ileile, mkono wangu umevimba kama mhogo. Alinikumbatia. Akaniongoza wodini. Wekesa alikuwa amefungwa kichwa chote, taya limeshonwa kwa waya, pingu kwenye chuma cha kitanda. Jicho moja tu lilikuwa nje ya bandeji, likitazama dari. Nikasema nilichozoea kusema. "Fundi, habari ya leo?"

Jicho likanijia. Likakaa juu yangu kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso wake wote, na maumivu yale yote, akautazama ukuta. Mama Nyambura alidhani amechoka. Mimi nilijua ameisikia sauti hii mara ya mwisho wapi, ikisema nini.

Ilimchukua Mama Nyambura wiki tano kuzitoa picha. Aliifanya kazi hiyo chumbani kwake, nyuma ya pazia linalogawa kitanda na jiko, kwenye kompyuta ya kuazima, miwani miwili imepandana puani. Alisema ni kama kuokota punje za mchele kwenye mchanga. Mimi nilipika, kwa mkono mmoja, ugali wangu ukiwa na madonge na yeye akiusifu. Usiku sikulala, mchana sikucheka. Watu wa saluni walisema Rehema amerogwa. Nilikuwa nangoja siku atakapofikia dakika ile na kunigeukia. Nilikuwa nimeokoa kitu kitakachonimaliza, na nilikuwa nimekubali hivyo. Ilikuwa karibu raha, kukubali.

Siku ilipofika aliniita kutoka jikoni. Picha zilikuwa za kurukaruka, bila sauti, nusu zimeharibika, lakini Wekesa alionekana akisimama, akigeuka, akiwa na kasha kifuani. Mandevu alionekana uso mzima, na mguu wa kiti. Na chini ya picha, kwa kuwa kamera ilikuwa juu ya mlango ikitazama nje, nilionekana mimi kwa mgongo: dera la njano, mtandio, mkono ulioinuliwa kuelekea umati. Uso haupo. Mdomo haupo. Mama Nyambura alivua miwani yote miwili akanishika shavu. "Mwanangu," alisema, "ulitoka peke yako kuwazuia, na hukuniambia hata."

Nilifungua mdomo. Ugali ulikuwa unaungua, nikaenda kuutoa.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi mno. Polisi walimwondolea Wekesa pingu. Mandevu na wawili wengine walikamatwa. Mpelelezi aliandika kwamba msichana wa duka alijaribu kuwazuia, kiongozi wa mashtaka akaisoma, na wiki baada ya wiki hadithi hiyo ikawa nguo yangu. Watu waliokuwa barabarani siku ile, waliojua, walinyamaza, maana kumtaja mpiga kelele ni kujitaja ulikuwa wapi. Mwezi wa kumi na moja tukaitwa mahakamani. Kwenye ukumbi, mama yake Wekesa, mwanamke mfupi aliyesafiri tangu jana yake, aliuliza ni nani yule wa dera la njano. Akaonyeshwa. Alikuja akaushika mkono wangu, ule wenye vidole vilivyopinda, akaubusu kwenye vifundo, akasema, "Mkono huu ulinibakizia mtoto." Wekesa alikuwa nyuma yake. Jicho la kushoto halikuwapo tena. Kope zilikuwa zimelala kwenye shimo. Alikuwa anaweza kusema sasa, kidogo, kwa meno yaliyobaki. Hakumsahihisha mama yake. Niliwahi kusikia kwamba polisi walipomwuliza ni nani aliyepiga kelele alijibu kwamba hakusikia.

Nikaitwa. Nikaapa kwa Msahafu. Mandevu kizimbani alinitazama bila chuki, kama mtu anayemtazama wa kwao. Mama Nyambura alikuwa benchi la pili na gauni lake la kanisani. Waliwasha picha kwenye kioo kidogo, na kiongozi wa mashtaka, mama mmoja mwenye sauti nzuri, akazisimamisha pale nilipoinua mkono. Akaniuliza kama mtu yule wa mgongo ni mimi. Nikasema ni mimi. Akauliza mwathiriwa alikuwa akikimbia. Nikasema hapana, alisimama. Akauliza aliyempiga wa kwanza yuko humu ndani, nikamwonyesha. Kisha akatabasamu, kwa wema kabisa, kama mtu anayekusukumia kiti ukae. "Na mkono huu tunaouona, uliuinua ili kuwazuia?"

Kulikuwa na njia ya kujibu ambayo ingemfurahisha kila mtu chumbani mle, isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa ameshasema kwamba hakusikia. Nilimtazama. Alikuwa akitazama sakafu.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nikiwaonyesha. Mimi ndiye niliyepiga kelele kwamba ni mwizi."

Feni ya darini ilizunguka. Nilimsikia mama yake Wekesa akiuliza kwa sauti ya chini amesemaje, amesemaje. Kiongozi wa mashtaka alibaki na karatasi hewani. Wekesa aliinua kichwa. Hakimu, ambaye huandika kila kitu kwa mkono wake, alikuwa ameacha kuandika, na sasa aliitafuta kalamu, akaninyooshea kidole, akasema nirudie, polepole, aandike. Nikarudia. Neno moja, nikangoja kalamu. Neno lingine, nikangoja. Mpaka kalamu yake ikafika mwisho wa mstari.